AquaRite kwenye bwawa la zamani: mashine haina neno, kazi iko kwenye mabomba

Wanaouza mashine za chumvi hupenda kusema bwawa la kuogelea litakuwa "halina klorini". Klorini ni ileile, ila inatengenezwa palepale kutokana na chumvi iliyo majini. Kwa kazi hiyo Hayward AquaRite yenye seli ya T-Cell-15 (kifaa chenye mabamba ambamo umeme hugeuza chumvi kuwa klorini) ni nzuri: ikifanya kazi saa 24 kwa nguvu zote hutoa gramu 650 hivi za klorini. Bwawa la lita 50,000 lenye pampu inayozunguka saa 8 litapata miligramu 4 na kitu kwa lita kila siku, kiasi kinachotosha hata kwa jua la Pwani.

Chumvi inayotakiwa ni gramu 3.2 kwa lita, haifiki hata sehemu ya kumi ya chumvi ya baharini. Hata hivyo, maji hayo hupitisha umeme kirahisi zaidi, na pale bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) lilipoungwa na valvu ya shaba, chuma ndicho kinacholiwa. Zinki huisha kwanza, kisha kutu huanzia kwenye nyuzi za maungio, ambako bomba ni jembamba.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua ungio moja karibu na pampu utazame ndani. Magamba ya kutu yakikuangukia mkononi, acha mpango huo hadi mabomba yabadilishwe. Pima pia madini ya chuma kwenye maji: yakizidi miligramu 0.3 kwa lita, tarajia madoa ya kahawia ukutani na utando kwenye seli. Mabomba ya chumba cha pampu fundi huyageuza kuwa PVC bila shida. Yaliyo chini ya sakafu ndiyo gharama yenyewe, pamoja na tangi la filta la chuma na hita ya shaba, vitakavyotaka kubadilishwa kwa fiberglasi na titani. Kipande cha zinki husaidia ngazi na fremu za taa, tena kikifungwa kwa waya wa shaba kwenye vyuma hivyo. Kinga yake haifiki mbali ndani ya bomba, hata muuzaji aapeje.

Seli hukaa mwisho, baada ya filta na hita, na valvu ya kuzuia maji kurudi iwe kati ya hita na seli. Swichi ya mtiririko, inayotambua kama maji yanapita, inataka sentimita 30 za bomba lililonyooka kabla ya maji kuifikia. Umeme wa mashine upite kwenye saa inayowasha na kuzima pampu, kwa sababu seli ikifanya kazi maji yakiwa yamesimama, hidrojeni hujikusanya na inaweza kulipuka.

Kuanzia sifuri, lita 50,000 zinahitaji kilo 160 za chumvi. Bwawa lililozoea klorini ya maji huwa tayari lina chumvi, basi pima kwanza: ukikuta gramu 1 kwa lita, kilo 110 zinatosha. Usitumie chumvi ya mezani yenye madini joto, wala ile ya mashambani isiyosafishwa. Isugue kwa brashi iyeyuke, isilale juu ya mfereji wa chini, na uzungushe pampu saa 24 seli ikiwa imezimwa.

Baada ya hapo pH (kipimo cha uasidi wa maji) itakuwa inapanda kila mara, na hapa wengi huharibu. Wanamwaga asidi ya haidrokloriki kwa pupa, pH inashuka chini ya 7.2, shaba inaliwa, kisha lawama zote zinaiangukia chumvi.

Kasoro ya AquaRite ni kipimo chake cha chumvi. Hukikokotoa kwa umeme unaopita kwenye seli, hivyo seli iliyochakaa au yenye chokaa huonyesha chumvi pungufu, na mwenye bwawa anaongeza magunia yasiyohitajika. Hakuna dawa ya chumvi iliyozidi ila kumwaga maji. Pima kwa vijiti vya kupimia kwanza, kisha kagua seli. Ikiwa na chokaa, ioshe kwa asidi sehemu 1 kwa maji sehemu 4, asidi ikimiminwa kwenye maji, na uitoe mapovu yakiisha. Bisibisi isiguse mabamba.