Miezi sita na sauti ya kompyuta kwenye simu za wateja: uzoefu wangu

Ninasimamia kitengo cha huduma kwa wateja, na kwa miezi sita sasa kila anayetupigia simu hupokelewa kwanza na sauti ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili yetu peke yetu, kutokana na rekodi za mwanamke mmoja aliyesoma sentensi studioni kwa siku kadhaa. Wazo lenyewe si geni, kwani mwaka 2020 Amazon ilizindua huduma ya aina hii, na KFC ya Kanada pamoja na National Australia Bank zikawa miongoni mwa waliotangulia kuitumia. Sisi tulinunua kwa kampuni nyingine.

Siku ya makabidhiano tuliisikiliza ofisini kwa spika nzuri, na hakuna aliyekuwa na neno. Kosa letu lilianzia hapo. Simu ya kawaida hupitisha mawimbi ya sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilhali sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya kiwango hicho, kwa hiyo sauti iliyotupendeza ilimfikia mteja ikiwa imefifia. "Sita" na "tisa", ambazo hata watu wenyewe huzichanganya laini inapokuwa mbovu, ndizo zilizotuumbua: wateja walinakili namba za malalamiko kimakosa, kisha wakaambiwa kwamba namba hizo hazipo. Tulipunguza kasi, tukaweka pumziko kila baada ya tarakimu tatu, na namba nzima ikawa inarudiwa.

Lililoniudhi zaidi ni saa. Miadi iliyoandikwa 10:00 mfumo uliisoma "saa kumi", na mteja aliyetarajiwa saa nne asubuhi akatokea jioni, akiwa na hakika, tena kwa haki yake, kwamba ndivyo alivyoambiwa. Mtoa huduma alitujibu kuwa tarakimu zilisomwa sawasawa, jibu ambalo ni la kweli na halisaidii kitu. Ilibidi saa zote zigeuzwe kuwa maneno kabla ya kuingia kwenye mfumo.

Pamoja na hayo, sitaki kurudi tulikotoka, ambapo kubadilisha sentensi moja kulimaanisha kumwita msomaji studioni upya, na akija na mafua, menyu nzima inasikika kama imesomwa na watu wawili. Siku hizi tangazo jipya huwa hewani baada ya dakika chache. Ila sauti hii haijui huzuni: husema "samahani, huduma imekatika" kwa uchangamfu uleule wa "karibu", na kwa sababu hiyo taarifa za hitilafu na za madeni tumewaachia wahudumu wetu.

Mkataba nitauhuisha, kwa sharti ambalo nimekwisha kuliandika: kila sampuli mpya tuletewe kwa kupigiwa simu, wala si kwa faili.