Trochus au Astraea? Nimewalaza Chali Wote Wawili, Tazama

Haya, karibuni tena. Leo habari za chumvi na joto nazipita, hizo mnazijua: kipimo cha chumvi 1.025, hita kwenye nyuzi 25, na dawa yenye shaba isikaribie tangi la maji ya bahari kabisa, inaua konokono. Video ya kuanzisha tangi ipo, itafuteni. Leo ni huyu hapa. Ngoja nisogeze kamera… Trochus, konokono wa bahari anayetusafishia mwani tangini.

Mnamwona? Gamba limechongoka juu, chini pana. Kioo kilikuwa cha kahawia, sasa angalieni alikopita. Na mdomo, huo hapo, unaonekana vizuri kwa upande wetu: unafunguka, ulimi unatoka, unakwangua, unafunga. Ulimi wenyewe umejaa safu za vijino. Utando wa kahawia haumsumbui. Yale manyoya marefu ya kijani, ya mwani, ndiyo usimtegemee sana, hapo chukua konokono mwingine, Turbo. Lakini Turbo naye, jamani! Bonge lile likipita, tawi la matumbawe ambalo hukuligundisha vizuri utaliokota mchangani.

Sasa kilichonifanya niwashe kamera. Namtoa kwenye kioo, taratibu, namsogeza pembeni kwanza ndipo ninyanyue, usimvute kwa nguvu utamuumiza mguu. Namlaza mchangani, chali. Nimemwachia. Msiruke mbele, ngojeni… Kifuniko kimefunguka. Mguu huo unatoka. Bado unatoka! Unapapasa kulia, mchanga mtupu. Kushoto… amegusa jiwe. Amelishika! Anavuta, anavuta gamba zima, na hop! Kasimama, anaenda zake. Mimi hii naweza kuitazama mchana kutwa, mke wangu ni shahidi.

Astraea huyu, konokono mwenzake wa kula mwani, asili yake Karibi, nimemlaza vilevile. Mguu unatoka, unapapasa, unarudi ndani. Unatoka tena. Unarudi. Basi, hana zaidi ya hapo. Akilala hivi usiku, kaa wanamkuta, asubuhi unaokota gamba. Yaani hujanywa chai, unazunguka tangi ukiinua konokono watu wazima! Halafu muuzaji anakuambia "hawa wote ni wamoja, boss". Wamoja wapi? Haya, namwinua, msije mkanisema.

Bei sasa. Trochus mmoja hapa Nairobi, hela yake unakula nyama choma na soda juu. Ni ghali, sikatai. Ila kuna mwenzetu kwenye chaneli nyingine anawaambia watu wanunue hamsini kwa tangi dogo la sebuleni. Hamsini wale nini? Utando ukiisha wanakufa njaa, wanaoza humo humo, nitreti, ule uchafu wa majini unaolisha mwani, inapanda, na mwani unarudi kwa kishindo. Anza na wachache. Kioo kikiwa safi sana, wafungie kipande cha mwani mkavu kwenye jiwe, ule usiotiwa chumvi wala mafuta.

Na nyinyi mnaoniandikia kila wiki "si ushuke tu pwani uokote": Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968. Humo hutoki hata na gamba tupu.

Kitu kingine, hii ni ya sisi wa Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yetu hayashiki oksijeni kama ya Mombasa. Stima ikipotea pampu zinanyamaza, na baada ya muda utaona konokono wamepanda wote hadi ukingo wa maji. Ukiona hivyo mambo si mazuri. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua konokono. Kabla, nimesema.

Nitanunua tena? Trochus, hata kesho. Astraea, hata wa bure simchukui… labda Astraea kwa mtu asiye na kaa na anayeamka mapema. Sawa, huyo achukue.

Halafu habari njema: Trochus wangu wamezaa humu tangini, watoto wametapakaa kioo cha nyuma. Tukifika wafuasi elfu tano nagawa. Walio Nairobi tu, na uje na chombo chako chenye kifuniko.