Dhahabu au vipande vya UTT?

Kila msimu wa karafuu ukimalizika, suala hurudi barazani: pesa iende kwa sonara au kwenye vipande vya UTT, yaani sehemu unazonunua katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja?

Kuingia, vipande ni rahisi. Hata kidogo kidogo unaanza. Bangili unalipia uzito na ufundi, na ukiirudisha sonara anaweka mizani, anapima uzito tu. Ule ufundi ushapotea. Muulize pia karati: ya 22 ina dhahabu sehemu 22 kati ya 24, ya 18 ni robo tatu tu. Mama yangu huitia bangili jinoni kwanza, kama kwamba jino linajua karati.

Kwa dharura, dhahabu haina mpinzani, asubuhi unauza, mchana dawa imenunuliwa. Vipande husubiri siku za kazi. Lakini vipande haviibiwi kabatini.

Faida? Bangili haizai, hungoja bei ipande. Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza 2005, hununua hisa na hati fungani, yaani mikopo inayolipa riba, na hapo anayekimbia riba ana haki ya kusita.

Mwenye mgonjwa nyumbani, mimi simsemi akibaki na bangili zake. Mwenye mshahara na mtoto wa miaka miwili, hesabu yake nyengine.