Chromebook kwa walimu wa sekondari, mashine haina shida, shida ni jimeili

Shule yetu ya kata ilipata Chromebook za msaada, used za Marekani, na kwa vile mimi ndo mwalimu wa TEHAMA mkuu wa shule akanibebesha zigo la kuwafundisha wenzangu. Tumezitumia muda wa kutosha sasa, kwa hiyo naongea nnachokijua.

Kwanza ujue hii sio laptopu ya Windows, inatumia ChromeOS ya Google. Hakuna diski D, hakuna ya kuinstoli kutoka kwenye flashi, faili la exe (programu za Windows) kwa kawaida halifunguki. Kazi zako zinakaa Google Drive, kila akaunti inapewa GB 15 za bure, na mashine yenyewe (zetu zina GB 32) ni kama mlango tu wa kuingilia. Inawaka chapchap, chaji inavuka vipindi vyote, na haina mambo ya kuscan virusi vya flashi za stashonari. Hapo nilidhani kazi imeisha.

Ngoma ikawa kwenye jimeili, yani ile akaunti ya Google. Yani mwalimu anakaa, mashine inamwambia weka akaunti, namuuliza madam paswadi yako, kimya, "si alinifungulia fundi aliyeniuzia simu". Ukijaribu kuirudisha, kodi inatumwa kwenye laini ambayo alishaitupa zamani. Na hawa sio watu wasiojua vifaa, wana vishikwambi vile vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, wanaperuzi vizuri tu, ila simu na kishikwambi ukishaingia mara moja hakikuulizi tena, Chromebook inakuuliza paswadi kila ukiwasha. Kwa hiyo kama unapanga kuwafundisha walimu, usianze na mashine, anza na simu zao, kila mtu afungue akaunti mpya kwa namba anayoitumia leo na paswadi aiandike kwenye daftari la nyumbani. Wataalamu wa usalama mtanisamehe, daftari lililo kabatini halijawahi kudukuliwa na mtu wa mbali.

La pili ni intaneti, na hapa ndo watu wanaidharau hii mashine bila kuijua. Bila bando inafanya kazi, unaandika andalio la somo, unatunga mtihani, ukipata mtandao inapandisha yenyewe. Ila lazima uwe umewasha ile sehemu ya kutumia Docs (programu ya Google ya kuandikia) bila intaneti ukiwa bado una mtandao, na uwe umeiwasha kwenye mashine hiyohiyo. Mwalimu wa jiografia aliwasha kwenye moja akaenda kijijini na nyingine, akarudi amenuna. Pia akaunti inayoingia mara ya kwanza kwenye mashine inataka mtandao, hakuna ujanja. Na apdeti usizishushe kwa hotspoti ya simu yako, bando litakatika ukiwa unaangalia.

Kilichowageuza wenzangu ni chai. Mwenzetu alimwagia kikombe kizima kwenye kibodi, mashine ikazima jumla, na mitihani ya mwezi yote ilikuwa humo, ofisi nzima tukashika vichwa. Nikampa nyingine, akaweka jimeili yake, mitihani ile hapo, hadi sentensi aliyokuwa hajaimalizia. Tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza D iko wapi. Na kwa shule yenye mashine chache hii ni raha, walimu watatu wanatumia moja na kila mtu anaona vyake tu.

Sasa lawama. Ile Excel ya mwalimu wa taaluma yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) za kupanga divisheni imegoma kabisa, Google Sheets, ambayo ndo Excel ya Google, haizisomi makro za Excel, ikabidi fomula ziandikwe upya na taaluma hakufurahi. Mtihani wa hesabu ulioandikwa kwenye Word ukiufungua huku namba za sehemu (fraction) na vipeo vinahama hama, watu wa hesabu na fizikia wamebaki na kompyuta ya zamani na siwalaumu. PREM (mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi) na maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, hazina shida maana ni za kwenye brauza. Printa yetu ya zamani imekataa, tunatoa PDF tunapeleka kwenye ile kompyuta ya zamani. Na kibodi haina Caps Lock, pale pana kitufe cha kutafutia, ukitaka herufi kubwa bonyeza Alt na hicho kitufe, hili swali nimelijibu mpaka nikalibandika ukutani.

Kama unanunua used mtaani, kabla hujatoa hela waambie waifute kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani halafu uiwashe mwenyewe na uiunganishe mtandao. Ikikuletea jina la shule ya Marekani kwamba inasimamiwa na wao, acha, hiyo haitatoka, na kwenye zetu ilikuwepo moja ya hivyo mpaka leo ni pambo la kabatini. Halafu ingia settings, kuhusu ChromeOS, maelezo ya ziada, angalia apdeti zinaisha lini. Google wanatoa miaka 10 kwa zilizotoka kuanzia 2021 ila inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, sio siku uliyonunua. Muuzaji akikwambia ni mpya kwa sababu iko kwenye boksi, muombe akufungulie hapo kwenye hiyo tarehe.