Oili ya giaboksi: ipi ya kununua kabla hujaingia chini ya gari

Ukiingia duka la spea Darajani au Mwanakwerekwe, hapa Unguja, ukataka oili ya giaboksi, utaulizwa mambo mawili: auto au manyuali, na lita ngapi. Lipo la tatu linaloamua uhai wa giaboksi yako, nalo ni oili ya aina gani. Muuzaji asipokuuliza, mwambie wewe. Usikubali kuambiwa kwamba nyekundu zote ni sawa, kwani wekundu ni rangi tu iliyotiwa kiwandani ili oili hii isichanganywe na ya injini. Hauonyeshi wepesi wa oili wala dawa zilizomo, na giaboksi inajali hayo mawili.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungua boneti. Toyota nyingi za umri wa IST na Spacio zina dipstiki ya giaboksi mbali na ile ya injini. Ivute, ifute kwa kitambaa, kisha isome juani: kwenye bati mara nyingi pamegongwa jina la oili, T-IV au WS, na kwenye gari za miaka ya 90 utakuta D-II au Dexron. Kabla hujairudisha, pangusa tone moja kwenye karatasi nyeupe. Wekundu uliofifia ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba sahani za ndani zimeshaanza kuliwa, na hapo oili mpya peke yake inaweza isitoshe. Ikiwa ya pinki iliyochafuka kama maziwa, maji yameingia. Gari iliyopita kwenye maji mengi wakati wa masika huyavuta kupitia kitundu cha kupumulia, na rejeta iliyooza ndani nayo huweza kuyapitisha. Hiyo usiiendeshe hata hadi gereji ya jirani.

Gari isiyo na dipstiki, tafuta kitabu chake kwenye droo ya mbele. Kitakuwa cha Kijapani, lakini majina ya oili kama WS, CVT FE au NS-3 yameandikwa kwa herufi tunazozisoma sote.

Ukishalijua jina, mpangilio wangu wa kununua kwa gari za otomatiki ni huu.

Nafasi ya kwanza naipa oili ya kampuni iliyotengeneza gari: Toyota kwa Toyota, Nissan kwa Nissan, Honda kwa Honda. Kwa Toyota huuzwa khasa kwenye kopo la bati la lita 4, na namba yake ya spea huanza na 08886. Ni ghali, lakini hesabu kwa lita, usihesabu kwa kopo. Gari ndogo ikimwagwa kupitia boliti ya chini hutoa kama lita 3 na ushei, kwa hiyo kopo moja hutosha na huachia kidogo cha kuongezea baadaye. Tatizo ni feki. Kagua mdomo wa kopo kama umewahi kufunguliwa, linganisha chapa na kopo jingine la dukani, na uone kama namba ya toleo ipo au imefutwa. Kopo lenye kutu mdomoni liache. Na bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine yote, usijidanganye kwamba umebahatika.

Ya pili ni Aisin AFW+. Aisin ndiyo inayotengeneza giaboksi nyingi zilizomo ndani ya Toyota, na oili yao hii inakubali T-IV na WS pamoja na aina nyingine kadhaa. Kwa mwenye IST au Noah ya zamani naiona ndiyo chaguo la busara kuliko yote pale kopo la Toyota linapokosekana au linapotia shaka. Ningeiweka ya kwanza kama ingekuwa inapatikana kirahisi visiwani. Mara nyingi hulazimu kuagiza kwa mtu aliyeko Gerezani, Dar es Salaam, ije kwa boti. Aliyeko Wete au Chake Chake aagize mapema, akusanye na washa (ringi ya boliti ya kutolea oili) na filta kwa safari moja.

Ya tatu ni sinthetiki za makampuni makubwa ya oili zinazohudumia gari za aina nyingi, mfano Valvoline MaxLife, au zile za Castrol na Total. Ni nzuri, kwa sharti moja: geuza chupa usome nyuma. Jina la oili ya gari yako limetajwa? Nunua. Halikutajwa? Rudisha rafuni, hata kama fundi anaapa kwamba anaitumia kila siku. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na giaboksi iliyopangiwa nyepesi ukiitia nzito, vali zake huchelewa na gia huingia kwa kishindo.

Dexron III naiweka chini kabisa kati ya zinazonunulika. Kwa gari ya zamani ambayo dipstiki yake inaitaka, na kwa stelingi, haina ubaya. Lakini General Motors, wenye jina hilo, waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006. Chupa unayoiona leo yenye maandishi hayo haina wa kuithibitisha isipokuwa aliyeitengeneza. Chagua kampuni unayoiamini.

Ya kupima kutoka kwenye pipa, kwa chupa ya maji, usinunue. Najua pesa ni ngumu. Lakini huijui ilichanganywa na nini, pipa lilikaa wazi kwa muda gani, na hewa yetu ya bahari ina unyevu mwaka mzima. Bora subiri mwezi mmoja ununue kopo.

Gari za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, zina sheria yake. Vitz nyingi za baadaye, Passo, Note na X-Trail nyingi zinatumia mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukiitia oili ya otomatiki ya kawaida unaiua giaboksi. Hapa sina nafasi ya pili wala ya tatu: nunua ya mtengenezaji, kwa jina kamili. Hata oili za CVT za Toyota zenyewe, TC na FE, si kitu kimoja.

Manyuali, kama zile Suzuki Carry za mizigo, nyingi hutaka 75W-90, ambacho ni kipimo cha uzito wa oili. Tafuta iliyoandikwa GL-4, yaani daraja la dawa zilizomo. GL-5 imejaa dawa za salfa kwa ajili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), na dawa hizo huweza kula shaba za sinkronaiza, ringi zinazolainisha uingiaji wa gia, isipokuwa chupa iseme wazi kwamba inafaa kwa yote mawili.

Usitoke dukani bila washa mpya ya boliti ya kutolea oili. Ni kitu cha bei ndogo, na ya zamani ikirudishwa mara nyingi huvuja. Chukua na faneli yenye mrija mrefu. Stendi mbili za chuma za kushikilia gari iliyoinuliwa ni lazima. Tofali na mawe hupasuka, na pwani kama Paje au Nungwi, kwenye mchanga, weka ubao mpana chini ya jeki. Wakati wa kupima, gari ikae sawa mbele na nyuma, isiinamie upande, la sivyo kipimo kitakudanganya.

Kama giaboksi yako ina boliti ya kujazia, hiyo ifunguliwe kwanza, ndiyo uifuate ya kutolea. Chumvi ya bahari hukamatisha boliti, na ukishamwaga oili yote ndipo ugundue ya juu haifunguki, gari imekwama uani. Pima ulichomwaga, urudishe kiasi hicho hicho. Nyingine imebaki ndani ya tokonveta, kiungo kati ya injini na giaboksi, haitoki kwa njia hii, na hilo ni kawaida. Washa injini, pitisha gia zote aste aste, kisha pima ikiwa ya moto. Zisizo na dipstiki hupimwa kwa boliti ya kufurikia, tundu linalotoa oili iliyozidi, oili ikiwa na joto la kama nyuzi 40 kwa Toyota. Kama huna cha kupimia joto, mwachie fundi hatua hiyo moja.

Oili chafu irudishe kwenye kopo ulilomaliza, ufunge, uipeleke gereji wanakokusanya. Usiimwage uani. Maji tunayokunywa Unguja na Pemba yanatoka chini ya ardhi, na jiwe letu la matumbawe linapitisha kila kinachomwagwa juu yake hadi kisimani.