Karakana ya kufufua vali: kazi ya mezani safi, ripoti haba

Mtambo wetu wa mvuke uliposimamishwa kwa matengenezo ya mwaka, tulipeleka vali 24 kwenye karakana moja ya nje inayofungua, kusaga na kupima vali za viwandani. Jina lake silitaji, kwa kuwa nia yangu ni kuipima huduma yenyewe, na kasoro nitakazozieleza nimewahi kuzikuta kwa wengine wanaofanya kazi hiyohiyo.

Nianze na kilichonipendeza. Vali zilifunguliwa na kuoshwa, kisha nyuso za kiti na za diski, yaani sehemu mbili zinazokutana vali inapofungwa, zikasagwa kwa unga wa kusagia uliochanganywa na mafuta hadi makwaruzo yalipokwisha. Mafundi wao hawategemei macho peke yake: hupaka uso mmoja rangi nyembamba ya bluu, huukutanisha na wa pili, halafu hutazama kama duara la rangi limehamia lote bila kukatika. Lilipokatika, hata kwa upana wa ukucha, kazi ilirudiwa. Kwenye meza ya majaribio walifuata API 598, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani cha kupima vali, yaani mwili wa vali ulijazwa maji kwa mara 1.5 ya shinikizo la juu linaloruhusiwa katika joto la 38°C, kiti kikapimwa kwa mara 1.1, na likafanywa pia jaribio la hewa ya bar 4 hadi 7. Jaribio hili la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, maana maji yanaweza kushindwa kupenya ufa mwembamba na kuuficha, ilhali hewa hutoa viputo papo hapo. Niliomba kusimama kando nishuhudie, na hakuna aliyenung'unika.

Upande wa pakingi, yaani pete zinazozunguka shina la vali kuzuia uvujaji, sikuridhika kiasi hicho. Pete za grafaiti zilikatwa kwa mshazari na maungio yake yakapishanishwa inavyotakiwa, ila nati za kukandamiza pakingi zilikazwa kupita kiasi, labda kwa hofu ya vali kurudishwa kwa kuvuja. Kwenye vali za kufungwa kwa mkono hasara yake ni jasho la mwendeshaji tu. Kwenye zile nne za kudhibiti mtiririko, zinazosukumwa na hewa, mambo ni mengine: shina lililobanwa mno hukwama, hewa hujikusanya mpaka ishinde msuguano, kisha shina huruka na kupita mahali lilipoamriwa, kidhibiti huamuru lirudi, na mchezo huanza upya. Siku tulipowasha mtambo, kiwango cha maji ndani ya boila kilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na mwenzetu wa zamu alidhani kidhibiti kimeharibika. Tulilegeza kila nati robo mzunguko, maji yakatulia. Lau karakana ingepandisha taratibu ishara ya umeme inayoiamuru vali kutoka miliampea 4 hadi 20 na kuishusha tena, huku ikiandika mwendo wa shina, ingeliona tatizo hilo kabla ya kufungasha mzigo.

Kasoro kubwa, hata hivyo, imo kwenye karatasi. Kila vali ilirudi na cheti kinachosema imesagwa, imepimwa, imefaulu. Hali iliyokutwa nayo kabla ya kusagwa haikuandikwa popote, wala hapakuwa na picha hata moja. Tunazo vali mbili za lango, zinazofunga kwa bamba linaloshuka kukata njia, kwenye bomba la mvuke ambazo zimekuwa zikipelekwa kusagwa kila mtambo unaposimama, nasi tukiamini ni uchakavu wa kawaida. Kwa bahati nilifika karakanani wakati mojawapo ilikuwa imefunguliwa lakini haijaguswa. Sehemu ya chini ya kiti ilikuwa na vijifereji vyembamba, kana kwamba mtu amevichora kwa sindano. Hiyo ni alama ya vali ya lango iliyoachwa wazi kidogo tu: mvuke hupita kwa kasi kubwa katika upenyo uliobaki chini ya lango, na matone ya maji yaliyomo hukata chuma. Vali ya aina hiyo imeundwa iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Kazi ya kupunguza mtiririko ni ya vali ya globu, ambayo diski yake hushuka juu ya kiti. Kosa la matumizi lilikuwa letu, nakiri. Lakini fundi nilipomuuliza alitaja chanzo chake bila kusita, na hakukiandika kwa sababu fomu yao haina nafasi ya kukiandika.

Mtambo uliporudi kazini tulizikagua vali za kukatia mvuke kwa kifaa cha kunasa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, tukilinganisha kabla na baada ya kila vali iliyofungwa. Zote zilikuwa kimya. Kabla ya matengenezo tatu zilikuwa zikipitisha mvuke hata zikiwa zimefungwa.

Vali kubwa za kukatia nitawapelekea tena, kwa sharti kwamba cheti kiwe na ukurasa wa hali iliyokutwa, jambo ambalo wamelikubali. Vali ndogo za tufe, zinazofunga kwa kuzungusha mpira wenye tundu, sitazipeleka: viti vyake vya plastiki havisagwi bali hubadilishwa, na kwa vali ya nusu inchi kazi hiyo haistahili gharama. Zile mbili za lango nazo hazitarudi kwao, kwa kuwa mahali pake tumefunga za globu, ingawa zinapoteza shinikizo zaidi hata zikiwa wazi kabisa.