Walimu wa kujitolea wa Kiingereza shuleni Lindi: natoa nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama shirika lingekuwa linatazama kalenda ya shule kabla ya kumkatia mtu tiketi.

Huduma yenyewe iko hivi: shirika la nje linakusanya watu wanaotaka kufundisha Kiingereza kwa kujitolea, wao wenyewe wanalipia safari na ada ya shirika, na shule inaletewa mtu bila kutoa hata shilingi. Mimi ni mwalimu wa somo hilo sekondari ya kata hapa Lindi, na ndiye ninayepangiwa kuwa mwenyeji wao. Msidanganyike na hilo la kutolipa. Chumba chenye mlango unaofungwa, chandarua na maji ni juu yenu, na wiki yote ya kwanza mwalimu mwenyeji hufanya kazi mbili.

Kasoro kubwa ni muda. Wageni wengi wanapata likizo kwao Juni, basi ndipo wanapoletwa. Mwezi huo shule zinafunga, watoto wengine wako jandoni na unyagoni, wengine wapo na wazazi kwenye ufuta. Oktoba na Novemba nako ni korosho: mahudhurio yanashuka, na Novemba Kidato cha Pili na cha Nne wamo kwenye mitihani ya taifa. Ombeni aje katikati ya Januari. Kidato cha Kwanza ndio wameripoti, wametoka shule ya msingi walikosoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, sasa wanakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Katika wiki hizo za kozi ya maandalizi, mtu mmoja wa ziada wa kuzungumza nao anaonekana faida yake. Julai hadi Septemba pia panafaa. Chini ya wiki kumi msikubali, kwa sababu tatu za mwanzo zinaishia kwenye kuzoeana masikio. Atakayekuja masika aache siku za akiba safarini; Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga na magari yakakwama.

Vibali msiviachie shirika peke yake. Viza ya kawaida ya dola 50 ni ya matembezi, hairuhusu kazi hata isiyo na mshahara. Ukisikia "aingie kwanza kama mtalii, mengine tutayaweka sawa," kataa, maana siku Uhamiaji wakifika shuleni mkuu wa shule ndiye atakayesimama mbele yao. Anayekaa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Barua ipite kwa afisa elimu na kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla mgeni hajapanda ndege.

Sasa darasani, ambako ndiko huduma hii inafaa au inaharibika. Kosa la kwanza la shule ni kumkabidhi mgeni mkondo mzima na kwenda kupumzika. Pigeni hesabu: kipindi ni dakika 40, toa tano za kukaa na kutulia, zinabaki 35. Kwa wanafunzi 84, kila mmoja anapata sekunde 25 za kufungua mdomo. Wagawe makundi sita ya 14. Mwalimu wa somo anabaki darasani na mada ya muhtasari, mgeni anachukua kundi moja chini ya mwembe au maktaba. Kila mtoto sasa ana dakika mbili na nusu. Vipindi sita, makundi yote yamepita. Hapo hata mgeni asiye na taaluma ya ualimu anafaa, kwa sababu kazi yake ni kuzungumzisha tu, sarufi ina mwenyewe.

Mwelezeni mapema habari ya l na r. Watoto wetu wa Kimwera na Kimakonde wengi huzichanganya, na mgeni asiyejua hudhani ni uzembe wa tahajia. Kurudia neno kwa sauti kubwa hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuanza na sikio: andika jozi kumi kwenye manila, kama "rice" na "lice", "pray" na "play", mgeni anasoma moja, watoto wanainua mkono wa kulia au wa kushoto kuonyesha wamesikia ipi. Wakishapata nane kati ya kumi ndipo ulimi uingie kazini: kwenye l ncha inagusa nyuma ya meno ya juu, kwenye r ya Kiingereza haigusi popote. Mswahili naye r yake inagusa, kwa hiyo hata sisi walimu tunajifunza hapo.

Jambo dogo lenye hasara: mitihani yetu inafuata tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Mmarekani akiandika "color" ubaoni, mtoto atainakili hivyo hivyo hadi kwenye karatasi ya mtihani. Na darasa likijibu "Yes, teacher" kwa pamoja, mgeni asidhani limeelewa. Amwite mmoja arudie kwa maneno yake.

Wakiuliza walete nini, semeni manila, makapeni na kamusi. Peremende zinaleta fujo, na vitabu vya hadithi za theluji hapa Lindi vinabaki kabatini.

Wiki ya mwisho dai daftari la makabidhiano: majina ya kila kundi, mada walipofikia, nani bado hafungui mdomo. Shirika halina utaratibu huo, na ndiyo nyota nyingine iliyopotea. Bila daftari hilo anayefuata anaanza upya na "My name is", kwa Kidato cha Tatu.